Barua ya wazi kwa wakuu wa safari za mwezi za India: Tuonesheni na mlivyoanguka

Kwa Mwenyekiti wa Shirika la Utafiti wa Anga za Juu la India (ISRO), Dk. V. Narayanan, na wenzako wote mnaoamua chombo gani kiende mwezini, kiende lini, na watu waambiwe nini kikishaondoka.

Salaam, waheshimiwa.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika skuli ya sekondari hapa Unguja. Si raia wa India, kura sina, na kodi niliyowahi kuwalipa ni ile tu iliyojificha ndani ya bei ya chai. Mtu ana haki ya kuniuliza safari za mwezi za Wahindi zinanihusu nini, na nitaeleza. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachofikiria, na kwa sababu wengi watakaoisoma barua hii ni watu wa kwetu. Nyinyi wakalimani hamkosi. Redio ya taifa lenu imetangaza kwa Kiswahili miaka na miaka, kwa hiyo kisingizio cha lugha sikipokei.

Agosti 2023 nilikuwa Chennai nikimuuguza mama. Wengi wetu tunaijua safari hiyo: faili la vipimo kwenye mfuko wa plastiki, nyumba ya wageni iliyo hatua chache kutoka hospitali, jirani mmoja katoka Mombasa, mwingine Dar es Salaam, mwingine Muscat, na wote mnakutana ngazini na chupa za chai. Jumatano ya tarehe 23 mama alitolewa dripu mchana akalala. Jioni nikashuka kwenye kibanda cha chai kilichokuwa mbele ya nyumba yetu.

Sijawahi kuona barabara ya Chennai ikinyamaza, ila siku hiyo. Mwenye kibanda alikuwa ameweka televisheni ndogo juu ya makopo ya biskuti, na bajaji kama nane zilikuwa zimezimwa pembeni, madereva wamesimama mikono kiunoni. Kwenye skrini palikuwa na mchoro wa njia, na kinukta kinachoshuka, na namba za kasi na za kimo zikipungua. Watu hawakuwa wanatazama mwezi. Walikuwa wanatazama namba. Mimi nimesomesha miaka kumi na sita na sijapata darasa lililozitumbulia macho namba kiasi kile.

Saa kumi na mbili na dakika nne jioni, saa za huko, Vikram, chombo cha kutua cha safari yenu ya Chandrayaan-3, kikagusa chini mwezini. Kishindo cha kelele kilichofuata sikielezi. Waziri Mkuu Narendra Modi akatokea kwenye skrini kutoka Johannesburg alikokuwa mkutanoni, akapunga kibendera, lakini pale kibandani hakuna aliyemsikia, kwa sababu mwenye kibanda alikuwa akilipiga jagi la maziwa kwa kijiko kama ngoma. Chai ikawa bure. Aliponiletea glasi yangu aliniinamia akasema, kwa Kiingereza chake na Kitamil, "Akka, ule mchanga ni wetu." Akka ni dada mkubwa. Nikadhani anasema mwezi sasa ni wa India. Kumbe yeye ni mtu wa wilaya ya Namakkal, na miamba ya vijiji vya wilaya hiyo ndiyo mliyoisaga kutengenezea mchanga wa mfano wa mwezi kwa ajili ya majaribio yenu. Tangu siku hiyo nimekutana na Wahindi wengi wanaojua Chandrayaan-3 ilitua. Aliyejua ilifanyiwa majaribio juu ya mchanga gani ni yule muuza chai peke yake.

Nikapanda juu kumwambia mama.

Mama ni mtu wa Makunduchi. Kabla ya magoti kumgomea alikuwa akienda pwani kutafuta pweza, na pwani kwetu huendi kwa saa ya ukutani. Unakwenda kwa mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka ndiyo bamvua, maji yanakupwa hadi mwambani na wanawake wanashuka na michokoo yao. Katikati hapo ni maji mafu, unakaa nyumbani unasuka ukili. Kwa hiyo habari ya kuwa India imetua mwezini haikumshangaza kama nilivyotegemea. Aliniuliza maswali ya mtu anayemjua vizuri jirani anayezungumzwa.

"Wametua upande gani?"

"Kusini, mama. Kuelekea nchani."

"Jua linafika huko?"

"Linafika, ila linakaa chini chini, kama la alasiri inayokwisha."

"Na usiku?"

Nikamwambia usiku wa huko ni wiki mbili za kwetu, na baridi inashuka zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri.

"Basi hilo gari lao litakufa," alisema, akageukia ukutani.

Ndivyo ilivyokuwa, kama mnavyojua. Pragyan, kigari cha kilo 26, kilitembea zaidi kidogo ya mita 100, kikapima udongo kikakuta salfa, na mwanzoni mwa Septemba mkakilaza, na Vikram nacho mkakilaza, kwa matumaini kwamba jua likirudi vitaamka. Tulikuwa tumesharudi Unguja ilipofika tarehe 22 Septemba. Mama kila asubuhi kabla ya dawa: "Limeamka?" Siku hiyo mliandika wazi kwamba mmejaribu kuwasiliana navyo, ishara hamjapata, na mtaendelea kujaribu. Nikamsomea. Akasema, "Wamesema kweli," akanywa dawa yake. Hakuuliza tena kwa muda mrefu.

Waheshimiwa, hiyo sentensi yenu ya tarehe 22 Septemba 2023 ndiyo iliyonifanya niandike. Mnaweza kusema jambo lililoshindwa kwa maneno machache, bila kupamba, na mtu wa Makunduchi akaridhika. Sasa nataka kuwauliza kwa nini hamkusema hivyo mara ya kwanza.

Usiku wa Ijumaa ya tarehe 6 Septemba 2019, saa tano na ushei kwa saa zetu, nilikuwa kitandani na simu usoni nikiangalia Chandrayaan-2, safari iliyoitangulia hiyo, chombo chake cha kutua kikishuka mwezini. Mchoro ulikuwa wa namna ileile: njia iliyopangwa kwa mstari mwekundu, na kinukta cha kijani kinachoifuata. Kimo cha kilomita mbili na kitu, kinukta kikauacha mstari. Mwalimu wa fizikia hahitaji mtangazaji amwambie maana yake. Kwenye chumba chenu cha kuongozea safari, Bengaluru, watu wakainamisha vichwa, Dk. K. Sivan, mwenyekiti wenu wa wakati huo, akaenda kumnong'oneza Waziri Mkuu, na asubuhi yake dunia nzima ikaona kumbatio lile na machozi yale. Mimi pia nililia, sioni haya kusema.

Yaliyofuata ndiyo ninayoyalalamikia. Siku hiyohiyo mlitangaza kuwa asilimia 90 hadi 95 ya malengo ya safari yametimia. Wiki mbili baadaye ikawa 98. Ni kweli chombo cha kuzunguka kilibaki salama, na hadi leo kinafanya kazi nzuri, lakini kama mtu alikuwa amekaa na wanafunzi wake akiwafundisha kuhesabu asilimia, angewaambia nini? Dk. Sivan alikiri mapema kwamba chombo lazima kilitua kwa kishindo. Halafu tarehe 10 Septemba mkasema chombo chenu cha kuzunguka kimekiona kilipo chombo hicho cha kutua, ambacho nacho kiliitwa Vikram, mawasiliano bado, na kila juhudi inafanyika. Watu wakaomba dua. Watoto wakaandika barua. Picha hatukuoneshwa.

Aliyetuonesha ni mtu wa Chennai. Shanmuga Subramanian, mhandisi wa kompyuta, alikaa usiku baada ya kazi na picha ambazo LRO, chombo cha Marekani kinachouzunguka mwezi, kilipiga mahali pale, na ambazo NASA waliziweka wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Akalinganisha za kabla na za baada, alama kwa alama, hadi akakiona kijidoa cheupe ambacho hakikuwapo. Akawaandikia NASA, nao wakahakiki, na mwanzoni mwa Desemba wakatangaza kipande kilichoonekana na jina la aliyekiona. Jibu lenu lilikuwa kwamba nyinyi mlishakiona zamani. Ninakubali, mlikiona. Lakini raia wenu alilazimika kukitafuta kwenye kabati la jirani kwa sababu la nyumbani lilikuwa na kufuli.

Sababu za kuanguka nazo zilikuja kwa vijiko. Novemba mwaka huohuo Bunge lenu lilipewa sentensi chache: katika awamu ya pili ya kushuka, kasi ilipungua kuliko ilivyokusudiwa. Kamati ya uchunguzi mliunda, ikafanya kazi yake, ikaandika ripoti. Ripoti nzima hamkuiweka hadharani. Ilipofika Julai 2023, Chandrayaan-3 ikikaribia kuondoka, Dk. S. Somanath, aliyempokea Sivan uenyekiti, akaeleza kwa kirefu, na kwa ufundi mkubwa, kilichotokea. Miaka karibu minne baadaye.

Maelezo yale yalikuwa matamu mno kwa mwalimu. Niliyabeba hadi Kidato cha Tatu. Injini tano zilitoa msukumo mkubwa kidogo kuliko hesabu, makosa madogo yakajilimbikiza wakati chombo kilipotakiwa kutulia kipige picha, na kilipokuja kutaka kujisahihisha kilitakiwa kugeuka haraka kuliko kasi ambayo programu yake iliruhusu. Juu ya hayo kilikuwa kimepewa uwanja mdogo wa kutua, mita 500 kwa 500, na kilikuwa bado kinang'ang'ania kuufikia. Nikawaambia wanafunzi: ni kama dereva wa daladala aliyekanyaga breki kabla ya wakati. Gari limepungua mwendo, kituo kiko mbele bado. Badala ya kushusha abiria hapo alipo, anakanyaga mafuta ili afike palepale kwenye bango. Darasa lilicheka kwa sababu kila mmoja amewahi kupanda gari hiyo.

Kisha nikawaonesha mlichobadilisha. Injini ya tano ya katikati ikaondolewa. Miguu ikaimarishwa iweze kuvumilia kutua kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde. Mafuta yakaongezwa. Kikawekwa kifaa cha leza cha kupima kasi moja kwa moja dhidi ya ardhi. Uwanja ukapanuliwa hadi kilomita 4 kwa 2.4. Somanath mwenyewe alisema safari hii walisanifu kwa kuanzia kwenye kushindwa: hiki kikifa, chombo kitatua vipi? Na kile kikifa? Sijui somo la uhandisi lililo bora kuliko hilo, na limeandikwa na watu waliolia mbele ya kamera.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, hayo waliyajua lini?"

Nikasema labda miezi michache baada ya ajali.

"Sasa kwa nini wametuambia leo?"

Kengele ikanisaidia.

Najua kuna watu wanaowashambulia kwa jambo jingine kabisa, na sitaki mnihesabu miongoni mwao. Wanasema nchi yenye maskini wengi namna ile ina haja gani na mwezi. Mwaka 2014 Mangalyaan, chombo chenu, ilipofika kwenye mzingo wa Mirihi, gazeti moja kubwa la New York lilichora mkulima wa Kihindi na ng'ombe wake wakibisha hodi kwenye klabu ya wakubwa wa anga. Liliomba radhi baadaye. Dharau ile tunaijua huku kwetu, inatufikia kila tukinunua chochote kilicho kikubwa kuliko kisima. Kwa hiyo hoja hiyo siitumii. Mtu mwenye njaa naye hutazama juu. Mama yangu amepikia watoto saba kwa kuhesabu mwezi.

Ila upande wa pili nao una kelele zake zinazonichosha, yaani hizo za bei. Chandrayaan-3 iligharimu rupia bilioni 6.15, kama dola milioni 75, na kila mtu kuanzia mawaziri hadi dereva wa bajaji alinielezea kuwa ni chini ya bei ya filamu ya Hollywood. Hongereni. Lakini mwenyekiti wenu wa zamani, G. Madhavan Nair, alisema bila kuzunguka kwamba mishahara midogo ya wanasayansi ni sehemu ya siri ya urahisi huo. Na wiki zilezile za shangwe, wafanyakazi wa kiwanda cha serikali cha HEC kule Ranchi, kiwanda kilichowahi kuwatengenezea mitambo ya uwanja wenu wa kurushia roketi, walikuwa wamekaa zaidi ya mwaka bila mshahara. Serikali ilijibu kuwa HEC hakikupewa zabuni ya vipuri vya Chandrayaan-3 yenyewe. Jibu hilo ni la karani. Mtu aliyejenga jukwaa la kurushia anaona roketi inapaa kutoka juu yake, na nyumbani hana unga. Mkimwambia kipuri si chake mtakuwa mmesema kweli, na mtakuwa hamjasema kitu.

Naona ningependa mkaribie zaidi mlikotokea. Tarehe 21 Novemba 1963, roketi ya kwanza kurushwa nchini mwenu iliruka kutoka Thumba, kijiji cha wavuvi karibu na Thiruvananthapuram, kilichochaguliwa kwa sababu mstari wa ikweta ya sumaku unapita hapo. Kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena likawa ofisi, nyumba ya askofu ikawa karakana, vipande vya roketi vilibebwa kwa baiskeli. Wavuvi walihama. Picha ya baiskeli ile tumeiona wote, na kila anayeandika habari za ISRO huianzia hapo. Wavuvi hawamo kwenye picha.

Ukanda wetu nao uliwahi kuwa na roketi. Nje ya Malindi, kule Ngomeni, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco baharini kwa sababu ileile ya kuwa karibu na ikweta, na kati ya 1967 na 1988 yakarushwa maroketi tisa ya kupeleka setilaiti. Mojawapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilibeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, nayo ikawa ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Roketi ya Marekani, jukwaa la Waitaliano, jina na bahari vyetu. Kenya iliporusha setilaiti yake ya Taifa-1 mwaka 2023, ilibidi iipeleke California. Nyinyi na sisi tulianza miaka inayokaribiana, pwani za bahari moja, kwenye vijiji vya wavuvi. Tofauti ni kwamba Thumba vijana wenu waliruhusiwa kufungua roketi na kuona ndani. Hicho ndicho Vikram Sarabhai, mwanasayansi aliyeasisi safari zenu za anga, alichokijenga, na ndicho nilichokikosa nikiwa mwanafunzi. (Na jamani, Sarabhai alisema wazi kuwa India haina ndoto ya kushindana na matajiri kwenda mwezini wala kupeleka watu angani. Leo chombo kilichotua kina jina lake. Sidhani angekasirika, ila naamini angecheka.)

Majina nitayapita haraka. Mahali Chandrayaan-1 ilipotupia kipima chake mwaka 2008 mlipaita Jawahar, wakati huo chama cha Nehru kikitawala. Mahali ilipotua Chandrayaan-3 pakaitwa Shiv Shakti, na Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia umelikubali jina hilo Machi 2024. Watu wenu wamegombana sana juu ya majina hayo. Wanafunzi wangu hawayakumbuki hata moja. Wanakumbuka kipimajoto kilichochomekwa ardhini kikakuta juu kuna joto la kama nyuzi 70 na sentimita 8 chini yake ni nyuzi 10 chini ya sifuri. Walikataa kuamini. Tuliichora grafu ubaoni na hadi leo hakuna aliyethubutu kuifuta, hata mwalimu wa jiografia anabana maandishi yake pembeni.

Na grafu hiyo niliipata kwa sababu mlituachia. Lazima niwape haki yenu: tarehe 23 Agosti 2024, siku ya kwanza ya taifa ya anga za juu, mlifungua takwimu za Chandrayaan-3 kwa watafiti wa popote kupitia tovuti yenu ya PRADAN. Takwimu za chombo cha kuzunguka cha Chandrayaan-2 pia zinapatikana. Kwa hiyo ufunguo wa kabati mnao, na mkono wa kufungua mnao. Kinachobaki ndani ni droo moja tu, ile ya makosa.

Droo hiyo itazidi kuwa na uzito. Septemba 2024 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Chandrayaan-4, rupia zaidi ya bilioni 21, kwenda kuchukua udongo wa mwezi na kuuleta duniani: roketi mbili, vyombo vinavyoungana na kuachana angani, kimoja kishuke, kingine kipae kutoka kule. Januari 2025 mlijaribu kuunganisha setilaiti mbili ndogo, mkaahirisha zaidi ya mara moja na kutuambia mnaahirisha, kisha mkafaulu, nchi ya nne duniani. Ilikuwa raha kufuatilia, hata kuahirisha kwake. Baada ya hapo kuna safari ya pamoja na Japani, yenye kigari cha kilo 250. Na mmeahidi kumpeleka Mhindi mwezini ifikapo 2040. Mei 2025 PSLV, roketi yenu iliyozoeleka kuliko zote, ilishindwa kwenye hatua yake ya tatu na setilaiti ikapotea. Hata jahazi la nahodha mkongwe hupanda mwamba. Lakini ndani ya jahazi la 2040 watakuwamo watu, na mama zao watakuwa wanauliza kila asubuhi.

Mtasema mashirika yote yana siri zake. Kampuni ya ispace ya Japani ilipopoteza chombo chake mwezini Aprili 2023, mwezi mmoja baadaye ilieleza: chombo kilipita juu ya ukingo wa shimo kubwa, programu ikadhani kipimo cha kimo kimekosea ikakipuuza, kikaishiwa mafuta kikiwa bado kiko kilomita 5 juu. Ni kampuni ya biashara, ina wanahisa wa kuwatuliza, na bado ilisema. Nyinyi wanahisa wenu ni watu bilioni na zaidi ambao walikaa macho usiku wa manane kuangalia kinukta cha kijani.

Ombi langu ni hili. Chapisheni ripoti nzima ya kamati iliyochunguza kuanguka kwa Vikram ya kwanza. Kama kuna kurasa zenye siri za kijeshi au za kampuni, zifuteni kwa wino mweusi, tutasoma zilizobaki. Kisha, kabla Chandrayaan-4 haijaondoka, tangazeni kwamba kitakachoharibika kitaelezwa kwa maandishi ndani ya muda mtakaoutaja wenyewe, kiwe kidogo au kikubwa, na maelezo hayo yaandikwe namna ambayo mtoto wa sekondari anaweza kuyafuata. Msisubiri mfaulu ndipo mseme mlishindwa wapi. Mtu akisimulia ajali baada ya kufika salama, inageuka kisa cha ushujaa, na mwanafunzi hapati kuona jinsi wahandisi walivyokuwa hawajui la kufanya siku ya pili yake, siku ya tatu, mwezi wa tatu. Pale ndipo penye somo.

Nimesema nitaeleza linanihusu nini. Mwaka 2023 mlitufungulia hapa Bweleo kampasi ya IIT Madras, kimoja cha vyuo vikuu vyenu vya teknolojia viitwavyo IIT, na ni ya kwanza ya IIT nje ya India. Yule msichana aliyeniuliza "waliyajua lini" anajiandaa kwa mtihani wa kuingia huko. Anataka kusoma takwimu. Akifaulu atafundishwa na walimu wenu, kwa vitabu vyenu, na pengine siku moja atakaa mbele ya skrini kama zile za Bengaluru. Namfahamu, atauliza tena. Nisingependa mwalimu wa huko naye aokolewe na kengele.

Mama magoti yake yamepata nafuu kidogo. Pwani haendi, lakini usiku wa bamvua hukaa barazani akiwasikiliza wenzake wakiteremka na taa zao. Wiki iliyopita mwezi ulikuwa mpevu, nimekaa naye nasahihisha madaftari.

"Lile gari lipo palepale?"

"Lipo, mama. Halina upepo wa kulisogeza."

"Na lile la kwanza, lililovunjika?"

"Nalo lipo. Vipande vipande."

"Walisema lilivunjikaje?"

Nikamwambia walisema kidogo, na kwamba ninawaandikia.

"Waandikie kwa adabu," akasema. "Na uwaambie kuhusu mchanga wa yule muuza chai."

Nimeandika.

Wenu,
Mwalimu wa fizikia, Unguja